Kizito Kisichoonekana

Pikipiki mbili ziligongana mbele ya soko kuu la Bunia saa ile watu wanapokanyagana, na kwa bahati hakuna kilichoumia ila heshima ya madereva. Rachidi, aliyekuwa amembeba Fulgence, alimlaumu mwenzake. Mwenzake akamlaumu Rachidi. Wanajeshi wawili waliosimama kwenye kizuizi waliwatazama, wakaona pale hakuna cha kupata, wakageuza shingo. Mwaka ule mkoa mzima ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi, vita vilikuwa vinakula vijiji vya Djugu kimoja baada ya kingine, na kugongana kwa pikipiki kulihesabiwa ni burudani.

Katikati ya vumbi alikaa abiria wa pikipiki ya pili, msichana aliyevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na blauzi ya mabega yaliyovimba vizuri, ya kushonwa na mtu anayejua kazi. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine hakijulikani kilipo. Mfuko wake ulikuwa umepasuka, na vitambaa, mikasi, nyuzi na vifungo vilikuwa vimetapakaa barabarani. Fulgence, shati jeupe na miwani, aliinuka salama, akajipangusa suruali, kisha akasimama kama amelogwa.

"Weye! Uko unaangalia nini? Saidia!" msichana alimfokea.

"Pole, dada. Niko naangalia bintu yako imeanguka fasi gani."

"Imeanguka chini! Kuko fasi ingine?"

"Apana, angalia muzuri. Uzi, bifungo, bitambaa, byote imeruka kuume. Kushoto hakuna kitu. Haiwezekane. Kama byepesi yote imeenda huku, iko kitu muzito imeenda kule. Ulibeba kitu muzito?"

Msichana alishika kichwa. "Pasi yangu! Pasi yangu ya makala!"

Fulgence alivuka upande wa kushoto, akainama kwenye meza ya mama anayeuza makayabu, akainua turubai. Pasi ilikuwa pale chini, mdomo wazi, majivu yamemwagika juu ya samaki wa watu. Mama wa makayabu alianza kutukana, lakini msichana hakumsikia. Alikuwa anamtazama yule mwenye miwani.

"Uko mulozi?"

"Apana. Niko mwalimu wa fizikia."

"Njo ile ile."

"Nipatie numéro yako, nitauliza kesho kama pasi ilipona."

"Pasi haina telefone."

"Lakini mwenye pasi iko nayo."

Alicheka. Jino lake moja la mbele lilikuwa limepanda kidogo juu ya jirani yake, na Fulgence, mtu mwenye diploma mbili, alisahau alikokuwa anakwenda. Rachidi ndiye aliyeandika namba.

Basi huyo ndiye Lydie, fundi cherehani chini ya baraza upande wa mashariki wa soko. Alikuwa amekimbia kwao karibu na Fataki pamoja na mama yake, Gertrude, na sasa walilala kwenye kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, chini ya turubai moja. Baba yake, Ngabu, walimfikisha hadi Bunia mzima wa afya. Kisha maharage yakakomaa kule shambani, na mzee hakuweza kustahimili kuona chakula chake kikiozea ardhini wakati familia inapanga foleni ya unga. Akarudi kuvuna. Wiki ile ile wanamgambo waliingia kijijini, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, hakuna aliyemsikia.

Fulgence yeye alizaliwa mtaa wa Nyakasanza, akafiwa na wazazi mapema. Alifundisha chuoni, na kazi yake nyingine ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba majirani waliacha kumuuliza. Lydie hakuacha.

"Allô, mulozi."

"Allô, fundi. Ulikula?"

"Nilikula. Uko unafanya nini sahii?"

"Niko nahesabu migongano."

"Ya ba moto, hii pikipiki ya Bunia? Hautamaliza."

"Ya kule Geneva. Kuko mashine kubwa chini ya udongo. Inagonganisha bintu kidogo sana, halafu siye tunaangalia byenye imetawanyika. Wenzangu wananitumia picha ku internet, minachambua."

"Na munatafuta nini mule?"

Akamweleza, na kwa kuwa alikuwa anampenda tayari, alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza darasani. Kuna chembe moja inaitwa neutrino. Inatoka kwenye jua, inapita katika mwili wako na katika milima bila kugusa kitu, na wewe huna habari. Zamani wataalamu waliamini haina uzito kabisa. Baadaye wakagundua inao, lakini mdogo mno, mdogo hadi unatia mashaka. Nani aliyeipa uzito huo, na kwa nini kidogo namna hiyo? Wengine wanafikiri neutrino inaye mwenzake aliyejificha, mzito kupita kiasi, na uzito wa yule ndio unaomfanya huyu awe mwepesi.

"Kama bana wakipanda ubao," alisema Lydie, "mumoja huku, mumoja kule. Muzito akikaa chini, mwepesi anaruka juu."

"Njo vile kabisa! Weye nani alikufundisha?"

"Nilipanda ubao, papa. Nilikuwa mutoto mimi pia. Na ule muzito, munamutambua namna gani?"

"Akizaliwa mule mu mashine, anapasuka palepale. Anaacha alama mbili za namna moja, zenye kwa kawaida hazitokake pamoja. Tukiziona pamoja, tunasema: alipita hapa."

"Mulishaona?"

"Bado. Kila mwaka tunatafuta na nguvu zaidi. Tunasema tu, kama iko, basi iko muzito kupita pale tulifika."

"Hamusemi kama hakuna?"

"Hatuwezi kusema vile. Kukosa kuona haiko sawa na kusema hakuna."

Cherehani ya Lydie ilikuwa imesimama. "Hiyo kazi yako," alisema, "inanifurahisha."

Hakusema ni kwa nini, na Fulgence hakuuliza. Aliichukua ile furaha kama yake peke yake. Wanaume wenye elimu wana tabia hiyo.

Wakapendana wazi, mchana kweupe. Alimletea mishikaki ya mbuzi iliyofungwa katika karatasi, naye akamshonea shati la kitenge lililomkaa vizuri hadi wanafunzi wakapiga makofi. Mvua ilipowakuta sokoni walijibanza chini ya baraza, magoti yakigusana, na Lydie alimuuliza kati yao wawili nani mzito, nani mwepesi. "Mi mwepesi," alisema Fulgence, "weye ukikaa tu, mi naruka." Lydie alimpiga begani kwa tepu ya kupimia. Kwa miezi ile vita vilikuwa kilomita chache tu kutoka hapo, malori ya waliokimbia yaliingia kila siku, na hawa wawili walikuwa na furaha hadi wakaona aibu.

Aliporuhusiwa kuja kambini, Mama Gertrude alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani muda wote. Alimpikia bugali na sombe ya majani ya mihogo kwa mkaa wa kuazima.

"Kula, mwana. Uko mukondo."

"Aksanti, mama."

Kisha Fulgence alimwona anapakua sahani ya nne, anaifunika kwa mfuniko, anaiweka kwenye kona ya turubai. Alimtazama Lydie.

"Ya baba," Lydie alimnong'oneza. "Kila siku. Siku akifika, asikute hakuna kitu."

Mama Gertrude hakuinua macho.

Ndipo barua pepe ya Geneva ilipokuja. Wamemkubali aende kusoma shahada ya udaktari wa fizikia kulekule kwenye mashine, aondoke kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaisha, na akiwa na mke, mke ataruhusiwa. Fulgence alikimbia kwa miguu kutoka chuoni hadi sokoni, hakukumbuka hata kuita pikipiki.

"Lydie! Tuoane. Twende."

Alicheka kwanza, akalia, akacheka tena. Kisha uso wake ukafungika. "Nani atapokea mahari?"

"Babako mudogo. Roger."

"Baba yangu hajakufa, Fulgence. Mutoto mwanamuke haolewi baba yake akiwa amepotea. Kama iko, njo yeye anapokea. Kama haiko, tunamulilia kwanza, tunaondoa matanga, njo babangu mudogo anaweza simama fasi yake. Sasa siye tuko katikati. Hatulie, hatucheke."

"Na tutakaa katikati mpaka lini?"

"Mpaka tujue."

Ilikuwa kweli, na kila mtu kambini alijua. Mtu aliyepotea bila maiti alifunga mlango wa nyumba nzima. Fulgence alizihesabu wiki zake zilizobaki, na kila alipozihesabu zilikuwa zimepungua. Akaenda kwa Roger bila kumwambia Lydie. Hilo ndilo kosa lake, na nikifikiria hadi leo natamani mtu angemshika shati.

Roger alikuwa mdogo wa Ngabu, mtu wa maneno mengi na haya chache. Alimwambia njia ipo. Wazee wao, mtu akipotea vitani au mtoni, walikata shina la mgomba, wakalivika nguo zake, wakalizika. Mgomba ukishazikwa, mtu amezikwa. Matanga yanafanyika, yanaondolewa, maisha yanaendelea.

"Mi nitaongea na mama na binti," alisema Roger. "Weye leta tu mgomba. Huku site, mu kambi, hakuna hata jani ya ndizi. Leta siku ya posho, batu iko wengi."

Roger hakuongea na yeyote. Alifikiri akiona mgomba, kila mmoja ataelewa, na kuelewa kungemwondolea kazi ya kusema.

Basi Fulgence aliingia kambini nyuma ya pikipiki ya Rachidi, amevaa shati lile la kitenge, amekumbatia shina la mgomba la urefu wa mtu. Utomvu ulikuwa unamchuruzikia mikononi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya unga walianza kunyamaza mmoja mmoja. Wanawake wazee walivua vitambaa vya kichwa. Lydie alitoka chini ya turubai na ndoo tupu, akamwona, akaona mgomba, akamwona tena.

"Hiyo nini?"

"Lydie, babako mudogo hakukuambia?"

"Minakuuliza weye. Hiyo nini?"

"Sherie, tulisema na baba Roger kama... juu ya muzee... tumuzike namna hii, matanga ipite, halafu siye..."

"Halafu siye nini?"

Shina lilimteleza Fulgence, akalikumbatia upya.

"Halafu siye tupande ndege," alimalizia Lydie. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Ile kitu yako ya Geneva, hakuna mutu hata mumoja aliiona mu dunia. Batu wamejenga mashine, wamechimba udongo, miaka na miaka hakuna kitu. Na weye unasimama mbele yangu unasema: hatuwezi kusema hakuna. Ulinifurahisha, Fulgence! Nilisema, Mungu wangu, mwisho nimepata mutu mwenye anaelewa. Kumbe ule uvumilivu ni ya bintu ya Bazungu. Baba yangu, mutu mwenye batu walimuona na macho, mwenye alinibeba ku mabega, yeye unamuletea mgomba."

"Lydie, nisikilize..."

"Rudisha ile kitu fasi ulitoa. Na usinipigie telefone."

Mama Gertrude alikuwa amesimama nyuma ya binti yake. Alitazama lile shina kwa muda, kisha akaingia ndani. Rachidi alilibeba, akalitupa mbali, karibu na mto Shari.

Fulgence alipiga simu. Alipiga asubuhi, mchana, jioni, na kila mara ikalia hadi mwisho. Alipopita sokoni, Lydie aliinamisha kichwa juu ya cherehani, na sindano ikakimbia. Wanafunzi waliona mwalimu wao anaandika kitu ubaoni, anakifuta kabla hawajanakili. Aliona aibu ambayo haikumwacha hata usingizini, kwa sababu alijua Lydie alikuwa na haki, tena kwa hesabu zake mwenyewe.

Mwisho akaamua kufanya lile ambalo lilistahili kufanywa mwanzo. Alimtumia ujumbe mmoja: "Ninaenda Fataki kumtafuta baba." Safari hii Lydie alipiga yeye.

"Uko kichwa mubaya? Batu wanachinjwa ku ile barabara!"

"Iko convoi kesho, na basoda."

"Fulgence, usiende. Minakuomba. Mi nilikuwa na hasira tu."

"Haikuwa hasira, ilikuwa kweli. Mashine tunaijenga fasi kitu inaweza kuonekana. Mi nilitafuta baba yako mu Bunia, nimekaa ku kiti. Wacha niende."

Alimsikia akilia. "Basi uende, urudi. Unasikia? Urudi. Sina nguvu ya wawili."

Msafara uliondoka na malori ya chumvi na sabuni, wanajeshi mbele na nyuma. Rachidi aliyekataa kumwacha aende peke yake aliifunga pikipiki juu ya lori la mwisho. Baada ya Iga Barrière barabara ilikuwa kimya. Nyumba zilibaki kuta, kuta zimebaki nyeusi, na mashamba ya mihogo yaliota magugu hadi kiunoni. Fulgence hakuwa ameviona vita kwa macho namna hii. Alikuwa amevisikia tu mjini, kama idadi ya watu.

Walipoteremka Fataki, walipita na pikipiki hadi kijiji cha akina Ngabu. Waliokuwa wamerudi walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa mkulima anaitwa Paul, mwenye kovu refu toka sikioni hadi shingoni. Fulgence alipotaja jina la Ngabu, Paul alivua kofia.

"Muzee Ngabu njo mimi nilimuzika. Mimi na kaka yangu. Walimukuta mu shamba, gunia ya maharagi iko pembeni. Kuja, nitakuonyesha."

Kaburi lilikuwa nyuma ya kanisa lililoungua, limepangwa mawe vizuri, na juu yake kulikuwa na shada la majani yaliyokauka zamani. Fulgence alipiga magoti. Alikuja kutafuta jibu, na jibu hili ndilo lililomfungulia ndoa, na alijichukia kwa kulijua hilo hata pale pale juu ya mawe. Alilia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona.

"Hakuna mutu alileta habari Bunia?" aliuliza.

Paul alimshangaa. "Bibi yake alishafika hapa. Mama Gertrude. Njo yeye alipanga hii mawe na mikono yake. Mbele ya masika, aliingia na batu ya chumvi, akarudi siku ingine. Alilia hapa, papa, mpaka sauti iliisha. Haukujua?"

Rachidi alikwenda kuwasha pikipiki.

Siku aliyorudi Bunia, Lydie alikuwa bado sokoni. Fulgence alikwenda kwanza kwa mama, kwa sababu mambo ya namna hiyo huanza kwa mkubwa. Alimkuta anachambua mchele mbele ya turubai. Mama aliona uso wake tu, akaweka ungo chini.

"Paul alikuambia."

"Ndiyo, mama."

Mama Gertrude alitazama huku na huku, akamvuta ndani. "Walikuja kuniambia huku huku site, tangu zamani. Sikuamini, nikaenda mwenyewe. Nilimudanganya Lydie kama dada yangu wa Katoto iko mugonjwa. Nilirudi na nia ya kusema. Minaapa. Nikafika, nikamukuta iko nashona, anaimba. Nikawaza: niko na mutoto mumoja tu. Wengine ile udongo ilimeza. Tukiondoa matanga, kesho atakuja mwanaume amuchukue. Kama baba yake amepotea, anabaki na mimi. Njo nilianza kupakua ile sahani."

"Kila siku, mama?"

"Kila siku. Na asubuhi minaikula mimi, juu siwezi kumwanga chakula. Unafikiri iko na ladha gani?" Alimshika mikono yote miwili. "Mwana, sikuchukie. Uko mutoto muzuri. Lakini panda ndege yako. Sema haukupata kitu. Utapata bibi kule. Mi sitapata mutoto ingine."

Lydie aliingia wakati huo huo, anahema, habari za convoi zimemfikia sokoni. Alimrukia Fulgence shingoni, akamshika uso, akampapasa mikono kama anatafuta jeraha. "Ulirudi. Ulirudi, mulozi wangu." Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Ulipata nini?"

Fulgence alimtazama mama. Mama alikuwa amefumba macho.

Angeweza kusema uongo. Angemwachia mama binti yake, na kumwachia Lydie baba hai, na kujibebea yeye peke yake. Lakini Lydie alikuwa amesimama pale akimngojea, na hakuna mtu aliyewahi kumngojea namna ile.

"Baba alikufa, Lydie," alisema. "Niliona kaburi. Batu wazuri walimuzika, nyuma ya kanisa. Paul, jirani yenu."

Hakusema zaidi ya hapo. Lydie aliketi chini, na sauti iliyomtoka iliwafanya majirani waje mbio.

Matanga yalifanyika. Watu wa Fataki waliotawanyika Bunia nzima walikuja, wakaketi kwenye mikeka kati ya turubai na turubai, wakaimba mchana kutwa. Roger alipokea wageni kana kwamba ni kazi aliyozaliwa kuifanya. Fulgence alichota maji, akapasua kuni, akalala chini pamoja na wanaume wengine, na Lydie alipopita alimgusa bega kidogo, mbele ya watu. Kila mtu akaona wamepatana. Wazee walianza kutaja mbuzi na ng'ombe, kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa.

Lydie hakuwa anasikia ng'ombe. Alikuwa anamtazama mama yake. Mama Gertrude aliketi amenyoosha miguu, kitambaa cheusi kichwani, na wanawake wapya walipoingia na vilio aliwaitikia inavyopaswa. Lakini macho yake yalikuwa makavu. Alimkumbusha mpishi chumvi. Alijua nani hajapata chai. Mjane wa siku ya kwanza hajui mambo hayo.

Siku waliyoondoa matanga, Lydie alimwita Fulgence waende naye sokoni. Alifungua cherehani, hakuweka kitambaa.

"Mama alijua."

Fulgence aliokota kifungo chini, akakiweka mezani.

"Usinifiche. Alijua mbele yako?"

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Niliangalia tu. Machozi yake haikuwa pale. Batu wote wanalia, yeye alishamaliza." Alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Nilimuuliza jana. Aliniambia yote, hata sahani."

"Unisamehe. Sikutaka weye umuchukie."

"Najua juu ya nini ulinyamaza. Nilikupenda zaidi juu ya hiyo." Ndipo alipolia, kimya, akiacha machozi yashuke tu. "Nilitaka kumuchukia, Fulgence. Nilishindwa. Mutu alizika bwana wake na mawe, anarudi anachekesha mutoto, anapakua chakula ya maiti, juu tu asilale peke yake mu bashi, ile turubai ya kambi. Nitamuacha namna gani?"

"Twende naye."

"Makaratasi yako inasema bibi. Haiseme mama. Na hata ingesema, hatoke. Kaburi ya bwana wake iko huku."

"Basi mi nabaki. Nitafundisha. Tutakaa Nyakasanza, siye watatu."

Lydie alimtazama kwa mapenzi mengi hadi akaona vigumu kumkatalia, lakini alimkatalia. "Apana. Mwaka moja utabaki na furaha. Mwaka ya pili utakuwa unaangalia ile picha ya Geneva ku telefone, utaficha nikipita. Mi nimekaa na mutu anaficha kitu muzito mu nyumba, na sikujua. Sitaki tena. Enda, papa. Enda utafute."

Fulgence alimbembeleza siku zote zilizobaki. Alimbembeleza sokoni, kambini, kwenye simu. Alimtuma hata Rachidi, na Rachidi alirudi ameinamisha kichwa. Mama Gertrude naye alimwambia binti yake aende, alimwambia kweli, akilia sasa, machozi ya wazi. Lydie aliwasikiliza wote kwa heshima. Jioni alipakua sahani tatu badala ya nne.

Siku ya safari Lydie hakuja uwanja wa ndege. Ndege ndogo ilikuwa imeshageuza pua, abiria wanapanga mstari chini ya jua, wanajeshi wanafungua mabegi. Fulgence alikuwa amevaa shati la kitenge. Alipiga simu, naye akapokea mara moja, na nyuma ya sauti yake lilisikika soko lote.

"Allô, fundi."

"Allô, mulozi. Ulikula?"

"Sikukula. Lydie, miaka ine tu. Nitarudi. Kila likizo nitarudi."

"Ndiyo."

"Nitakupigia kila siku."

"Ukipenda."

"Utaningojea?"

Cherehani ilisimama. Alisikia mteja anauliza kitu, na Lydie anamwambia subiri kidogo, mama.

"Apana, Fulgence," alisema. "Minakupenda, na utakufa unajua hiyo. Lakini nilingojea mutu mumoja mwaka muzima, kumbe alishakufa. Sitangojea tena mutu."

Kisha akamwomba mteja radhi, akamuuliza mikono ya gauni anaitaka mirefu au mifupi.